Mkono wa Yaya Kambale

Mimi Albertine nimekuwa nesi miaka thelathini na mmoja, na sijaona mgonjwa mkaidi kama jirani yangu Domitille. Mwanamke anayeuza maharagwe kwa jumla hapa mtaani Katuba, kusini mwa nchi, anayewanyamazisha madereva wa malori kwa jicho moja, akashindwa kupanda ndege kwa sababu ya mkono wa kaka yake!

Vali ya moyo wake ilikuwa inavuja. Damu iliyopaswa kwenda mbele, nyingine ikirudi nyuma. Ngazi tatu za kanisa tu, anahema. Daktari Paulin, wa hospitalini kule Karavia, akampatia nafasi ya upasuaji India, ya Februari 2025. Akatueleza kwamba huko hawapasui kifua. Mpasuaji anaketi kando, macho kwenye kioo, vidole vyake vinaongoza mikono ya mashine inayoingia kwa matundu madogo ubavuni na kushona vali.

"Mashine njo itanishona?" Domitille akauliza.

"Hapana, mama. Mikono ni ya mashine, akili ni ya daktari."

"Basi nitaenda. Lakini yaya anibariki kwanza."

Katika ukoo wao, wa Butembo, mtu hakatwi kwa kisu kabla mkubwa wake hajamwekea mkono kichwani. Mkono wenyewe, simu haitoshi. Na huyo mkubwa, kaka yake Kambale anayemwita yaya, alikuwa akifanya biashara Goma. Mwisho wa Januari Goma ikaanguka mikononi mwa waasi, uwanja wa ndege ukafungwa, simu yake ikanyamaza.

Baada ya siku kumi akapiga kutoka Uganda. Mimi nimesimama pale, nikimfinya Domitille: mwambie! Yeye akasema, "Yaya, siye bote tuko bazima. Kuya polepole." Akakata.

"Polepole?" nikafoka. "Weye iko na akili kweli?"

"Mama Albertine, muntu iko mu njia, hatumuambiake mambo mubaya. Atakufa na mawazo."

Basi mtu akaja polepole! Nafasi ya kwanza India ikapita, na ya pili ikapita. Domitille akawa analala ameketi, miguu imevimba. Nilikuwa namkanda huku namgombeza, na hasira zangu zote zilikuwa woga tu.

"Mwenda pole hajikwai," akanijibu siku moja. Nikatoka nje nisije nikamzaba kofi.

Kambale alifika Aprili kupitia Zambia, amekonda, mfuko mmoja mkononi. Alipoambiwa kuna upasuaji, akambariki jioni ileile. Daktari akapiga picha mpya za moyo, akazituma India. Wiki iliyofuata alituita sote watatu.

"Moyo umepanuka sana," akasema. "Ile ya matundu, iliyokuwa ifanywe Februari, wameikataa. Sasa lazima wafungue kifua, wakate mfupa kwa msumeno."

Domitille akamgeukia kaka yake. "Yaya, baraka yako ilikuwa ya matundu. Unibariki tena, ya musumeno."

Kambale akamtazama. "Tangu Februari, ulikuwa unaningoya miye?"

"Ndiyo, yaya."

"Kampala nilikaa wiki tano, Domitille. Nilikuwa natafuta magunia ya biashara." Akaanza kulia mbele ya daktari, mtu mzima yule. "Miye Goma nilitoka pasipo baraka ya muntu. Tulikimbia tu."

Kisha akamwekea mkono kichwani, na hakuuondoa mpaka daktari alipomaliza kuandika tarehe ya upasuaji.