Mguu wa Bi Asya na Meza ya Katikati

Mama mkwe wangu, Bi Asya wa Vitongoji, hanipendi. Nalisema hili mwanzo ili mtu asidhani namwandika kwa kuwa amenitendea wema. Mwaka wa tatu huu ananiita "huyo wa Gando", kana kwamba Gando iko ng'ambo ya Maskati. Nikipika wali, anaonja punje mbili, kisha anamtazama mume wangu Zubeir kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanawe mgonjwa.

Lakini mimi namtazama sana. Mtu asiyesemeshwa hupata nafasi ya kutazama.

Mguu wake wa kulia haukunjiki gotini. Mwaka aliofiwa na mumewe, msimu wa karafuu ulipofika, hakuwa na wa kumpandia. Akajifunga kanga kiunoni akapanda mwenyewe. Tawi la mkarafuu halina huruma, likakatika naye. Zubeir alikuwa bado ananyonya, na dada yake Saada alikuwa na miaka saba. Tangu siku hiyo Bi Asya hawezi kusimama hata kwa muda wa kuchambua bakuli la mchele. Akishaketi chini, kwenye kibao cha mbuzi, mguu ameunyoosha mbele, hapo ndipo utakapomjua. Nazi nne zinakunwa kabla sijamaliza kumfunga mwanangu Nahla nepi. Tui analikamua kwa mkono, moto anaupuliza, paka anamtukana, mimi ananitukana, na vyote vinakwenda kwa pamoja. Wanawake wa mtaa wenye maulidi humwita yeye. Watu wazima wanakaa pembeni yake na kumsikiliza. Akiinuka pale chini, anakuwa kikongwe mwenye fimbo.

Masika yaliyopita banda letu la kupikia lilianguka. Saada, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, akasema atajenga jiko jipya nyuma ya nyumba, na akaja mwenyewe kusimamia. Kuta zikasimama, bati likapigwa, sakafu ikamwagwa saruji. Ikabaki kupanga vitu ndani.

Asubuhi moja Bi Asya alikwenda kumpa mkono wa pole jirani. Saada akamwita fundi Kificho, akamwekea simu yenye picha usoni.

"Nataka hivi. Sinki na jiko la gesi ukuta wa mbele. Friji pembeni. Halafu hapa katikati meza ya kujengwa, juu vigae, watu wanaizunguka, wanakatia mboga, wanakula wamesimama."

"Wanakula wamesimama?" Kificho akauliza. "Wamefukuzwa?"

"Wewe piga mistari."

Kificho akapima kwa futi yake, akachora kwa chaki mistari minne katikati ya sakafu. Nilikuwa mlangoni, Nahla mgongoni. Niliona mara moja kuwa ile mistari imeangukia mahali pa kunyoosha ule mguu. Lakini nani wa kusema? Jiko la Saada, mama wa Saada, na mimi wa Gando.

Bi Asya aliporudi, aliegemea fimbo yake akaitazama chaki.

"Nini hii? Kaburi?"

"Meza, mama. Kila nyumba ya maana inayo."

"Na miye nakaa wapi?"

"Utapumzika, mama. Yupo Shamima atapika."

Shamima ni mimi. Bi Asya akanitazama juu mpaka chini.

"Huyo? Basi ninunulieni sanda kabisa."

Siku nne hawakuzungumza ila kwa kurushiana maneno kupitia kwangu. "Mwambie mama chai iko tayari." "Mwambie huyo wa Maskati chai yake anywe amesimama." Zubeir alikuwa anatoka alfajiri kwenda dukani Chake Chake na kurudi kila mtu amenuna, anakula haraka, analala. Nilimwambia aseme neno. Akasema, "Mambo ya jikoni hayo."

Siku ya tano Kificho akaja na matofali na toroli la mchanga. Tukamkuta Bi Asya ameshaketi chini, ndani ya mistari ya chaki, mguu umenyooka.

"Fundi, panga matofali," Saada akasema.

"Niyapange juu ya mama yako?"

"Mama, inuka."

"Wewe wa Gando!" Bi Asya akaita bila kugeuza kichwa. "Niletee mbuzi yangu na nazi mbili."

Saada akanikazia macho. "Wifi, ukileta hiyo mbuzi, mimi na wewe basi."

Nilisimama pale nikihisi pumzi za Nahla shingoni. Saada ndiye aliyemnunulia mwanangu kitanda. Saada hajawahi kuniita wa Gando hata siku moja. Nikaenda nikaileta mbuzi. Na nazi mbili.

"Haya," Saada akasema. "Haya! Atakaa, nani kamkataza? Pale, kati ya mlango na friji. Pana nafasi tele. Au nafasi ya kukaa nayo ni lazima iwe katikati ya dunia?"

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilivua kanga ya begani, nikaikunja mpaka ikawa na urefu wa ule mguu, maana nafagia pembeni ya mguu ule kila siku, urefu wake naujua. Nikaitandaza pale kati ya mlango na friji, upande wa mgongo ukiwa ukutani.

"Akikaa hapa, wifi, mguu unakwenda huku."

Kificho akatazama kanga ilikoelekea. "Astaghfirullah. Kibla."

Kila mtu huku kwetu anajua kibla iko kaskazini, na hakuna anayenyoosha miguu upande huo, hata usingizini. Tulikuwa tumepima friji, tumepima sinki, tumepima mpaka mtungi wa gesi. Mtu aliyeketi chini hakupimwa.

"Basi ageuke," Saada akasema.

Nikaigeuza kanga. Ikalala kukatisha mlango. Nilikuwa nimemteremsha Nahla, akatambaa, akaipanda, akanasa kwenye pindo.

"Nivukwe kama gogo," Bi Asya akasema. "Tena na mtoto wa huyo." Alikuwa anakuna nazi, hakuinua macho. Mguu wake ulielekea matlai, linakochomoza jua, kama siku zote, kwenye uwazi ambao meza ingeuziba.

Saada akakaa juu ya matofali. Nilidhani atapiga kelele.

"Miaka sita," akasema, "nimefuta meza kama hiyo katika nyumba ya watu. Asubuhi, mchana, usiku. Mwenyewe akipitisha kidole kutafuta vumbi. Nikasema moyoni, iko siku na mimi nitaegemea yangu."

Mbuzi ikanyamaza kidogo. Nilimwomba Mungu Bi Asya aseme neno zuri, moja tu.

"Ungebaki ukaifuta huko huko," akasema, na mbuzi ikaendelea.

Kificho akaondoa matofali bila kuambiwa. Akajenga kaunta ndefu ukuta wa kibla na nyingine fupi chini ya dirisha, katikati pakabaki patupu. Saada aliondoka kabla ya siku aliyopanga. Mimi hakunipa mkono. Alimuaga mama yake akiwa mlangoni, viatu miguuni, na mama akaitikia akiwa amempa mgongo.

Sasa Bi Asya anakaa mahali pake. Hajanishukuru. Siku ile ile alisema kanga yangu ni chafu, na kwamba mguu wake si mrefu kiasi kile. Saada simu zangu hapokei, za mama yake ndiyo kabisa.

Juzi nilikuwa napiga deki. Ile mistari ya chaki ya meza ya Saada bado ilikuwepo, imefifia, mmoja unapita chini ya kibao chake. Nikapeleka tambara pale.

"Hapo acha," akasema.

"Pachafu, mama."

"Nimesema acha. Gando hamna masikio?"

Nikakamua tambara, nikapiga deki kwingine kote.