Njema, Ila

Watu wa Timbwani wana adabu moja inayowaponza: hawaanzi kwa ubaya. Mtu nyumba yake yaungua, ukimuuliza habari za nyumbani atakwambia njema, alhamdulillahi, kisha atameza mate na kusema, "Ila." Habari yenyewe huja nyuma ya ila. Mgeni asiye na subira huondoka na salamu akidhani amepata habari.

Mansur, mstaafu wa bandari, alinunua gari la umeme kwa ajili ya pua ya mkewe. Tangu Swabra ashikwe na maradhi ya ini, harufu ya mafuta ilimtapisha hata kabla gari halijaondoka. Hili halikunuka wala halikunguruma. Lilimpeleka Vanga, mpakani, kumwona mama yake asiyeinuka kitandani, na likafika na chaji ya kubakisha.

"Jifunze kwa mwenzako," Swabra alimwambia mumewe. "Afika mbali na hapigi kelele."

Kisha betri ikaanza kudhoofu. Gari lilichajiwa usiku kucha, asubuhi likaonyesha limejaa, na likafika Ukunda, hata nusu ya njia ya Vanga bado, likihema. Mtungi ulijaa vilevile. Mtungi wenyewe ndio uliokuwa ukisinyaa.

Kila alipolirudisha kwa waliomuuzia, kule Changamwe, Mansur alipokewa na Clifford, kijana wa bara mwenye tabasamu na kompyuta.

"Shikamoo mzee. Gari inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Halijambo, alhamdulillahi."

Mansur akameza mate. Alipofungua tena kinywa, Clifford alikwisha kuandika na kumgeukia mteja mwingine. Ile ila ikamwangukia fundi wa uani, ambaye aliisikiliza kwa makini, kisha akapangusa vioo.

Siku Mansur alipopandisha sauti, waranti ilikuwa imekwisha.

"Ungelalamika mapema, mzee. Hapa kila mara umesema gari iko sawa."

"Mimi? Lini?"

"Kila ukikuja. Nakuuliza, unasema haijambo."

"Wallahi, ile ilikuwa salamu! Ulitaka nikuitikie 'bovu' hata hatujaketi? Ila yangu ilikuwa yaja!"

"Sasa si ungeitanguliza?"

Mansur alimtazama kama mtu aliyeambiwa avae viatu kwanza, soksi baadaye. Clifford akaona haya, akaahidi kuwaandikia wakubwa.

"Wamesemaje?" Swabra aliuliza.

"Wamesema vyema."

"Ila?"

"Ila tungoje."

"Mimi ntangoja. Mama je?"

"Tukodi teksi basi."

"Nifike nimetapika hadi roho? Amwone nani, mimi au ndoo?"

Kusimama njiani saa nyingi kungoja chaji hakukuwezekana. Daktari alishamkataza Swabra kuketi muda mrefu. Basi wakangoja. Kila asubuhi Mansur alitoka mapema kutazama kama chaji imeongezeka, kana kwamba betri nayo yaweza kupata nafuu kwa dua.

Asubuhi moja alimuuliza mkewe amelalaje.

"Salama," alisema Swabra.

Na Mansur, mzaliwa wa Timbwani, mwana wa mzaliwa wa Timbwani, alikuwa keshashika mlango akienda kutazama chaji. Aliporudi, ila ya mkewe hakuiwahi.

Swabra alifika Vanga kwa gari la msikiti, la dizeli, kuukuu, linalofuka moshi hadi ndani. Mansur alikaa karibu na kichwa chake, njia nzima akiupepea moshi kwa kofia.

Baada ya hitima ya mkewe, Clifford akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba zawadi.

"Shikamoo mzee. Wakubwa wamekubali, tunakuwekea betri mpya, bure. Nataka tu niandike vizuri safari hii. Gari inaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Halijambo, alhamdulillahi."

Clifford, aliyekwisha kufunzwa, hakuandika. Akangoja. Akazidi kungoja.

"Ila?" akauliza mwishowe, kwa upole.

Mansur alilitazama gari uani, waya ungali umechomekwa.

"Halina ila, mwanangu," akasema.