Wimbo wa Kukung'utia Ufuta

Mwamini hakuwa mwimbaji. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye Ruangwa nzima ilimwita "mwenye wimbo", na jina hilo lilimchoma. Alikuwa mkulima, binti wa wakulima, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono hodari kwa ufuta, basi.

Wimbo wenyewe aliupatia kazini. Mwaka 1972 yeye na mumewe Lukumani walikuwa wanaishi mashambani, upande wa Chinongwe, na mtoto wao Fatu alikuwa hataki kulala mchana. Alikuwa na kelele huyo mtoto, jamani! Mwamini akamfunga mgongoni, akashika mganda wa ufuta mkavu, akaugeuza kichwa chini juu ya mkeka na kuanza kuupiga kwa kifimbo: mbili taratibu, tatu za haraka. Mbegu zikawa zinamwagika, naye akajikuta anaimba kwa Kimwera maneno ambayo hata hakuyatafuta. Lala Fatu, ufuta unamwagika, lala, mama yupo. Mtoto kimya! Tangu siku hiyo Fatu hakulala bila wimbo ule, na palipokuwa hapana ufuta, mama alimpigapiga mgongoni kwa kiganja, mbili taratibu, tatu za haraka.

Mwaka uliofuata ikaja surua. Fatu hakutimiza miaka mitatu. Walimzika pembeni mwa shamba, na kabla udongo haujatulia vizuri wakaja viongozi wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, watu wote wahamie vijijini. Wakahamia Nandagala. Siku Mwamini alipopata nafasi ya kurudi kulitazama kaburi, alizunguka kwenye majani toka asubuhi mpaka adhuhuri asilione. Picha ya mtoto hawakuwahi kupiga. Alichobaki nacho ni kipande cha kanga alichombebea na ule wimbo. Akiimba kidogo tu, kwa sauti ya chini, uzito wa mtoto ulikuwa unarudi mgongoni kabisa, na joto lake.

Lukumani yeye nyumba ilimshinda. Alichukua gitaa lake akaenda Nachingwea kwa Saturnini, bwana kilimo aliyehamishiwa huko kutoka Songea, ambaye akitoka kazini alikuwa mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi ya Lukuledi Sauti Mpya. Saturnini alikuwa amechoshwa na kuiga.

"Kila bendi rumba, rumba!" alikuwa akifoka. "Kwani sisi ngoma zetu zimekufa?"

Akaingiza ngoma za kijijini katikati ya magitaa na tarumbeta. Siku moja Lukumani, bila kufikiri, akawa anagonga kiti kwa kidole, mbili taratibu, tatu za haraka. Saturnini akaruka. Ni nini hicho? Ni ufuta, mzee, mke wangu anavyokung'uta. Hapo ndipo ulipozaliwa mtindo wa Kung'uta, vijana wakawa wanatikisika mabega kama miganda.

Mwanzoni mwa 1976 Lukumani alirudi Nandagala kuomba ruhusa. Alikaa kwenye kinu kilicholala, macho chini.

"Mama Fatu, tunakwenda Dar es Salaam kurekodi. Santuri kubwa, nyimbo nane. Nataka na ule wako uwemo."

"Uwemo kwa kazi gani?"

"Jina lake libaki. Kaburi limetupotea. Santuri haioti majani."

Mwamini alilia sana, kisha akakubali kwa sharti moja: wautie magitaa, wautie tarumbeta, wautafsiri Kiswahili wakitaka, lakini neno "lala" lisiguswe. Lukumani akaapa.

Santuri ilipotoka, Lukumani alimletea moja. Nandagala nzima hapakuwa na gramafoni. Mwamini aliigeuzageuza, akaipangusa, akaisogeza sikioni, haikusema kitu.

"Mwenzangu, hiyo sahani si ingekufaa kwa wali?" jirani yake Bibie alimtania.

"Koma wewe! Mwanangu yumo humu."

Akaifunga kwenye kile kipande cha kanga, akaiweka sandukuni. Miezi mitano aliishi na furaha ile, mtoto akiwa ndani ya nyumba tena. Kisha bendi ikatangaza bugi, dansi la Jumapili mchana, Ruangwa, kwenye ghala la korosho lililofagiliwa, na Mwamini akaondoka na Bibie kwa miguu toka alfajiri, kanga mpya, viatu mkononi.

Ghala lilijaa walimu, makarani, wafanyabiashara na wakulima waliokuja na vumbi lao. Saturnini akashika kipaza sauti.

"Leo shemeji yetu, mwenye wimbo, yuko hapahapa!"

Watu wakapiga makofi. Kifimbo kikaanza kugonga ubao, mbili taratibu, tatu za haraka, na mkono wa Mwamini ukaenda wenyewe nyuma, kupigapiga mgongo mtupu. Lukumani akasogea, akaimba:

"Amka Fatu, ufuta unamwagika, amka, twende tukacheze!"

Ghala likalipuka. "Kung'uta! Kung'uta!" Watu mia tatu wanatikisika, wanamwita mwanawe aamke. Karani mmoja mchangamfu, aliyelowa jasho chapachapa, akamwinamia Mwamini.

"Mama, huyo Fatu mwenyewe yuko wapi? Mbona haji kucheza?"

Bibie alimsukuma karani yule kando, akamshika mwenzake mkono na kumtoa nje. Lukumani aliwakuta nyuma ya ghala, gitaa bado liko shingoni.

"Ni Saturnini?" Mwamini aliuliza. "Sema ni Saturnini nikamwonyeshe!"

"Nilipanga nikwambie ni yeye." Lukumani alilivua gitaa. "Ni mimi. Siku ile homa imempanda, nani alikwambia umwimbie alale? Si mimi? Ukaimba. Akalala. Sasa kule Dar es Salaam nimefika kwenye kipaza sauti, 'lala' ikakataa kutoka, Mama Fatu. Mara tatu. Ya nne ikatoka 'amka'."

Mwamini alikuwa na matusi tayari, ya kumtosha Saturnini na bendi nzima. Kwa mtu huyu hayakutoka.

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!" Alilia kwa sauti, wala hakujali nani anapita. "Kilikuwa changu, Baba Fatu. Kitu kimoja tu."

Wimbo ukaenea. Redio ikaupiga, watoto wa Nandagala wakauimba kisimani, wanawake wakautwangia. Mwamini alikuwa akiusikia anaingia ndani na kufunga mlango, lakini wimbo haujui mlango. Lukumani aliiaga bendi, akarudi nyumbani kulima.

Ufuta ulipokauka walikwenda shambani wawili. Mwamini alishika mganda, akaugeuza juu ya turubai, mbili taratibu, tatu za haraka, akafungua mdomo. Ikatoka "amka". Akatema mate, akaanza upya. Ikatoka "amka", na tarumbeta nyuma yake. Maneno ya Kimwera alikuwa nayo, angeweza kuyasema moja moja, lakini akiyaimba yaligeuka yale ya santuri. Mgongo wake ulikuwa mwepesi, hauna mtu.

"Baba Fatu," alisema kwa woga, "hebu nianzishie. Ule wetu."

Lukumani aliweka kifimbo chini. Alifumba macho, akatafuta kwa muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe tu," alisema.

Ufuta wa mwaka ule waliukung'uta kimya.