Samli Ndani ya Kompyuta

Mimi ndiye yule mwanamke aliyekaanga samli mbele ya maafisa wa kaunti, kwa hivyo ninyi mnaonong'ona hapa sokoni Kinna mkidhani sisikii, acheni, nitawasimulia mwenyewe, tena nitasimulia kwa hasira kwa sababu hasira yangu haijaisha na sitaki iishe.

Kompyuta yangu ya dukani ni ya zamani, boksi zito la kukaa chini ya meza, kazi yake kuchapa barua na kutoa picha za pasipoti. Ilikuwa polepole, ndiyo, lakini ilifanya kazi. Mafuriko yalipobomoa mfereji wa Rapsu na mashamba yakabaki makavu, kikundi chetu cha wakulima kikanituma nipige video ya uharibifu, tuipeleke Isiolo kwenye mkutano wa wananchi wa kuchagua miradi, maana tangu ugatuzi uje, usipoonyesha shida yako pale ukumbini mradi unakwenda kwa mwingine. Mama Dabaso, mjane ambaye shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji, alinishika mkono akasema, "Binti yangu, wacha waone na macho yao."

Sasa, video ikichezwa kwenye kompyuta yangu ilikuwa inakwamakwama, sauti inatangulia, picha inafuata nyuma, na mimi (mjinga mimi!) nikaona haya kwa watu wa mjini. Nikamwita Jattani, mume wa mdogo wangu, anayejiita fundi. Akaleta prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ya mtumba yenye nguvu kuliko yangu, akaifunga, na hakutosheka, akaingia kwenye mipangilio ya ndani akaipandisha spidi kupita ile iliyowekwa na kiwanda.

"Shem, hii sasa itakimbia kama gari ya gavana," akasema.

Kasoro ilikuwa moja. Kati ya prosesa na kile chuma cha kuipoza hupakwa pesti ya kijivu ya kupitisha joto, na pesti hiyo Kinna haikuwepo, na bwana fundi hakutaka kungoja iletwe kutoka Isiolo.

"Nipe samli kidogo, shem. Mafuta ni mafuta tu."

Na mimi nikaingia jikoni nikampa! Samli ya mama mkwe wangu, iliyofukizwa ikanukia, ile ya wageni! Asubuhi yenye baridi video ilicheza vizuri, tukapiga makofi. Nikasema niiweke kwenye flashi pia, Jattani akacheka, ya nini na mashine inaruka hivi?

Tukalibeba boksi hadi Isiolo. Ukumbi ulikuwa wa mabati, jua la mchana juu yake, watu wamejaa hadi madirishani. Zamu yetu ikafika. Nikaunganisha na projekta yao, nikabonyeza, ukutani ikatokea mbingu na ncha ya mti, mfereji wenyewe bado, na hapo harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya buna kabisa, zile kahawa tunazokaanga kwenye samli wazee wakikaa, na buna haipiti bila dua, kwa hivyo mzee mmoja wa mstari wa mbele akainua viganja akaanza kuomba, na nusu ya ukumbi ikaitikia amina, amina, kwa heshima zote (nani angewakatiza?), huku kompyuta ikizima. Nikaiwasha, ikazima tena. Samli ikachuruzika kutoka kwenye boksi ikalowesha kitambaa cheupe cha meza ya maafisa.

Mzee akamaliza dua, akageuka huku na huku. "Sasa buna iko wapi?"

"Hii ni mkutano ama ni hoteli?" akauliza afisa aliyeongoza kikao, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Nikamtafuta Jattani kwa macho. Kiti kitupu! Alikuwa nje anatafuna miraa, mshenzi yule. Na mimi nilikuwa na mdomo, jamani, ningeweza kusema tu, mfereji umebomoka hivi na hivi, lakini nilisimama pale kama zuzu nikilipepea boksi kwa leso mpaka afisa akasema, "Tunasonga mbele. Watu wa Sericho, mko tayari?" Wakasimama, wakaeleza habari za kisima chao kwa mdomo mtupu, wakapewa.

Nje nililiinua lile boksi nimpige nalo Jattani, wallahi ningempiga, Mama Dabaso akanizuia.

"Binti yangu, hii kompyuta mbeleni ilikuwa na shida gani?"

"Ilikuwa inakawia, mama."

"Inakawia." Akanitazama vizuri. "Mimi nimengoja maji tangu mafuriko. Ningeshindwa kungoja picha?"

Nikaliweka boksi chini. Prosesa yangu ya kwanza nimeirudisha, inakawia vilevile, na fundi yeyote atakayetaja spidi dukani kwangu nitamfukuza kwa mwiko. Watu wengine bado wanaomba buna wakinipita, wanacheka. Mama Dabaso hacheki, na msimu huu hakupanda kitu.