Riwaya Nne Alizosomewa Sindano

Mwezi uliopita nilimsomea shemeji yangu riwaya nne, na tatu kati ya hizo zilitutia kichefuchefu.

Shemeji ni mjane wa kaka yangu. Katika kiwanda cha uchapaji tulikofanya kazi miaka thelathini na moja walimwita Sindano, kwa sababu hakuna kosa dogo ambalo hakulichoma. Tulikuwa wasahihishaji. Siku hizi hakuna anayejua kazi hiyo ilivyokuwa. Chumba kimoja, meza moja, watu wawili. Mimi nashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti. Yeye anafuata karatasi iliyochapwa, kalamu nyekundu mkononi. Nilisoma kila kitu, hata alama. Mkato tuliuita "mka", nukta "nuk", herufi kubwa "kub". "Kub mvua ilinyesha mka watu wakakimbia nuk." Hivyo kutwa nzima. Mgeni akipita mlangoni alidhani tumerogwa, lakini kitabu kilichotoka chumba kile hakikumwaibisha mtu. Kisha wakaleta mashine, wakasema inasahihisha yenyewe, wakatuaga kwa soda na keki. Matokeo yake ndiyo haya tunayosoma.

Sasa Sindano ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila alasiri naenda chumbani kwake. Yeye hukaa kwenye kiti karibu na dirisha, mimi ukingoni mwa kitanda, nasoma. Naye husikiliza mikono ameikunja, mdomo ameubinua.

Riwaya ya kwanza ilikuwa na jalada linalong'aa kama sahani iliyolambwa, na kila sura iliishia kwa simu kulia. Tulipofika sura ya tano Sindano akaniambia, "Shemeji, pokea hiyo simu basi, watu wapumzike."

Katika ya pili, mama wa shujaa alizikwa sura ya tatu. Sura ya tisa akamimina chai.

"Kafufuka?"

"Haijasemwa."

"Na waliomzika wanakunywa tu hiyo chai? Hakuna hata mtu mmoja aliyesoma kitabu hiki kabla yetu?"

Naamini hakuna.

"Kirudishe ulikokitoa," akasema, "na unawe mikono."

Ya tatu ilisifiwa gazetini. Mwanamume anajitazama kwenye kioo sura kumi na tatu na kujihurumia. Macho ya mpenzi wake yaling'aa kama nyota mara kumi na moja. Sindano alizihesabu kwa vidole, vikamwishia. "Hana jirani mtu huyu?" akauliza. "Hana hata jino linalouma?" Mimi nilichukia zaidi yake. Zamani mwandishi alimwogopa msomaji. Wa leo anamwaga huzuni kama mpishi anayeficha nyama iliyooza kwa viungo, halafu anangoja kupigiwa makofi.

Ya nne ililetwa na bintiye Sindano.

Ni mwanamke wa makamo, mtunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Huja Jumapili na sabuni na dawa, wakazungumza habari za sabuni na dawa, akaondoka. Kati yao siku zote pamekuwa na baridi. Jumapili ile aliweka bunda la karatasi kitandani.

"Mama, nimeandika riwaya. Wachapaji wanaitaka Jumamosi. Baba mdogo akusomee, kisha uniambie niitoe au niichome."

"Nikwambie ukweli?"

"Ukweli mtupu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nimewahi lini?"

"Hujawahi," akasema, bila kucheka.

Tuliisoma alasiri nne, na ninakiri tulifurahi. Tulirudia kazi yetu ya zamani: kub, mka, nuk, mimi na kalamu nyekundu, yeye akinisimamisha kwa kuinua kidole. Siku ya Jumatano, katika sura ya sita, nikakuta jambo la ajabu.

"Shemeji, hapa kaandika 'mka' na 'nuk' katikati ya maneno. Ziko saba."

Sindano akatabasamu, karibu kwa fahari. "Mtoto wa wasahihishaji huyo. Mkono umemponyoka kwa mazoea. Futa."

Nikafuta zote saba.

Ijumaa binti alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kitambulisho bado kifuani. Hakukaa. Sindano akamtajia makosa kwa kichwa, ukurasa baada ya ukurasa, sitini na mawili. Binti akangoja amalize.

"Na yule mwanamke wa sura ya sita, mama?"

"Mwanamke gani? Sura ya sita nakumbuka ina makosa kumi. Saba ya—"

"Nauliza mwanamke."

Sindano akageuza uso upande wangu. Nikafungua sura ya sita, na safari hii nikaisoma kimyakimya, kama watu wanavyosoma. Baba amefia hospitali ya mbali. Barua yake ya mwisho imefika. Mtoto wa miaka tisa ameketi sakafuni, mama yake anamsomea: *Kub mwanangu mka nikichelewa kurudi mka usinikasirikie nuk.* Anasoma hivyo hadi mwisho, kisha anamwambia mtoto kwamba baba yake amesahau herufi moja mstari wa pili.

Ilikuwa barua ya kaka yangu. Niliwahi kuishika kwa mikono yangu. Na Jumatano niliitamka kwa kinywa changu neno kwa neno, nikiwinda makosa kama kuku anayedonoa.

"Mmezifuta," binti akasema. Alikuwa ameona wino mwekundu.

Nikamweleza Sindano yaliyomo.

"Ni mimi," akasema.

"Nilikuwa nangoja unisomee barua ya baba. Ukanisomea alama."

"Ningeisoma kama watu, nisingefika mwisho."

"Hukuniambia hivyo."

"Sikukuambia."

"Basi niichome?"

"Usiwe na haraka. Shemeji, nisomee ukurasa huo. Na zile saba, kama alivyoziandika."

Nikasoma. Sindano alisikiliza mdomo ameubinua, vilevile alivyozisikiliza zile tatu.

"Mwanamke huyu ananitia kinyaa," akasema nilipomaliza. "Anamsahihisha maiti mbele ya mtoto!"

"Hata mimi alinitia kinyaa," binti akasema. "Miaka mingi."

"Katika zile tatu nilimchukia mwandishi. Humu nimemchukia mtu, na mwandishi sikumkumbuka kabisa." Akanyoosha mkono hewani mpaka ukakutana na kile kitambulisho. "Itoe. Lakini ole wako nisikie umemlainisha mwanamke huyu! Usimtie hata chozi moja. Hakulia siku ile, asilie kitabuni."

"Watu watajua ni wewe."

"Wajue. Shemeji, rudisha zote saba."

Kiwandani, neno lililofutwa kwa makosa tulikuwa tukilirudisha kwa kupanga vitone chini yake, maana yake libaki. Nikaanza kuvipanga. Binti akaketi kando yangu, kwa mara ya kwanza jioni ile, akanishikia karatasi isiteleze.

Jumamosi asubuhi aliipeleka.