Maneno Aliyorudi Nayo Veneranda

Siku Veneranda Kalinga alipoweka nadhiri zake za utawa, mama yake alichinja ndama, na kijiji kizima kule Kilolo kilikula kikashiba. Mjane aliyemtoa binti yake wa pekee kwa Mungu si mtu mdogo. Tangu siku ile hakuna aliyemwita tena mama Clement, ingawa Clement ndiye kifungua mimba wake. Akawa mama Sista, na kanisani watu walimpisha benchi la mbele.

Shirika lilimpeleka Veneranda Hispania, kwenye nyumba ya watawa wazee. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya baridi kama Kilolo mwezi wa Julai. Wazee walikuwa wengi na wahudumu wachache, na kadiri miaka ilivyokwenda wenye nguvu wakabaki wawili tu, yeye na Mhindi mmoja aitwaye Sista Anila. Waliogesha, wakalisha, wakageuza wagonjwa vitandani, na kila kengele ilipolia mmoja wao aliinuka.

Kihispania alifundishwa na Sista Remedios, mwalimu mstaafu ambaye miguu yake ilishakufa lakini ulimi ulikataa kuzeeka. Asubuhi moja Veneranda akimvisha soksi, bibi huyo alimtazama usoni akasema, "Estás agobiada, hija."

Veneranda hakulijua neno. Bibi akamwekea viganja viwili mabegani, akamkandamiza chini kwa nguvu zake zote, mpaka magoti ya Veneranda yakagusa sakafu.

"Hivyo," akasema. "Sasa sema wewe. Estoy agobiada."

Veneranda akasema kama mtoto wa darasa la kwanza, wakacheka wote wawili.

Jikoni, na Anila, lugha ilikuwa Kiingereza. "I am overwhelmed," Anila alikuwa akisema huku akimenya viazi, kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema chumvi imekwisha. Jambo hilo lilimshangaza Veneranda. Kwao mtu akiulizwa habari, hata kama jana amezika, anajibu kwanza kwamba ni nzuri, mengine yanafuata baadaye, au hayafuati. Taratibu naye akazoea kusema hivyo, kwa Kihispania kwa wazee, kwa Kiingereza kwa Anila. Lakini mama yake akipiga simu alimjibu, "Namshukuru Mungu, mama."

Kisha korona ikaingia nyumba ile, ikapita kitanda hadi kitanda kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Majeneza yalitolewa kwa mlango wa nyuma bila wimbo. Sista Remedios alikata roho ameshika kidole cha Veneranda juu ya glavu. Anila aliugua, akapona nusu, akarudishwa kwao. Veneranda akabaki na waliosalia.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, alimwogesha mtawa mmoja, akamkausha, akamvalisha. Kisha akamvua, akaanza kumwogesha upya. Akamvalisha tena, akamvua tena. Kikongwe yule alikuwa akilia kwa baridi, na kilio chake ndicho kilicholeta watu. Veneranda alikuwa hajui kama amefanya lolote.

Alipelekwa mapumziko, hayakumsaidia. Mwishowe alikaa mbele ya mkuu wa shirika akasema, "No puedo más." Siwezi tena. Mkuu hakubisha. Zikatafutwa ruhusa za kumtoa utawani, akakatiwa tiketi.

Alifika Kilolo ukungu umeshika mpaka mlangoni. Mama yake alimpokea begi kabla ya kumpokea yeye.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Nimechoka."

Mama alitazama mikono yake mwenyewe, iliyopasuka kwa jembe. "Nani hajachoka?"

Kihehe cha Veneranda kilikuwa cha mtoto, cha salamu na mambo ya shamba, maana alikwenda shule ya bweni mapema. Na Kiswahili kilimpa neno hilo moja, nimechoka, ambalo kila mtu analo. Yote aliyojifunza kuyasema juu ya moyo wake alijifunzia ugenini.

Akaanza kukaa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, chakula kikapoa mkononi, viazi shambani vikasongwa na magugu. Majirani wakasema ana mimba, wengine wakasema aliiba. Mama yake, bila kuambiwa na mtu, aliliacha benchi la mbele akawa anakaa nyuma karibu na mlango. Akirudi kutoka misa alikuwa na maneno makali. Ndipo Veneranda alipofunika masikio na maneno yakamtoka yenyewe, "No puedo más. Dejadme." Niacheni.

Mama alirudi nyuma hadi ukutani. Kesho yake akamwita Fanueli, mwombeaji wa kijiji cha pili, akaja mchana na wenzake.

"Wewe unayesema ndani ya binti huyu, ni nani?" Fanueli aliuliza.

"Ni mimi."

"Jina lako!"

"Veneranda."

"Mwongo!" Wakamshika mikono na kichwa. Alihisi viganja vinamkandamiza mabegani, akapiga magoti, na neno likaja lenyewe. "Estoy agobiada."

"Mmesikia? Amejitaja!" Fanueli akapaza sauti. "Agobiada, toka! Toka, Agobiada!"

Chumba kizima kikaitikia. Veneranda akacheka, kicheko kirefu ambacho hakuweza kukizuia, na hicho kikawamalizia mashaka yote. Wakaagiza afungiwe ndani, anyimwe chakula mpaka pepo achoke. Siku chache baadaye aliacha kusema lugha yoyote. Fanueli akatangaza ushindi.

Kaka yake, Clement, anaziba pancha za malori huko Ipogolo, kando ya barabara kuu. Alipopata habari alishika kichwa, lakini kumkabili mama hakuthubutu. Mkewe Joyness, Mnyakyusa wa Rungwe anayepikia madereva pale barabarani, ndiye aliyepanda Kilolo. Hakugombana na mtu. Alimfunga Veneranda kitenge, akamshika mkono, wakaondoka.

Ilipita wiki nzima ya uji na ukimya. Siku moja Joyness akichambua mchele alimuuliza, "Wifi, hilo jina wanalosema ni la pepo, maana yake nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Joyness alikwisha kupeta ungo mzima ndipo sauti ya Veneranda ilipotoka.

"Ni mtu aliyebebeshwa mpaka akaanguka. Kwa Kiingereza wanasema overwhelmed."

"Na Kiswahili?"

"Sijui. Nikisema nimechoka, wananiambia na wao wamechoka."

Joyness aliweka ungo chini. "Mgonjwa akifika hapo si tunasema amezidiwa? Na aliyezidiwa haambiwi akalime, wifi. Anabebwa."

"Nimezidiwa," Veneranda alisema polepole. Akarudia. Akalia mpaka wateja nje wakachungulia.

"Basi tuvae," Joyness akasema, akauzima moto na chakula hakijaiva. "Twende hospitali."

Daktari alisema ni sonona, ya siku nyingi. Akampa dawa na tarehe ya kurudi. Clement akampigia mama yake kumweleza.

"Akipona atarudi utawani?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

Simu ikakatika.

Sasa Veneranda anamsaidia Joyness. Zipo siku anagawa wali na kutaniana na madereva, na zipo siku anageukia ukuta na Joyness anahudumia peke yake. Kwenye Pasaka alipanda kwenda Kilolo kusalimia. Mama yake alimtandikia kitambaa mezani, akampakulia kwenye sahani ya wageni, kisha akachukua jembe akatoka. Veneranda alikula peke yake, akaosha sahani, akaifudikiza ikauke, akashuka barabarani kungoja gari la kurudi.