Nilivyofungia bajia karatasi za mtihani, shule ikaanza kusoma

Wakuu, hamjambo nyote. Naanza kwa kuomba radhi. Mimi niliishia darasa la nane, tahajia yangu si nzuri. Mwandiko ni mbaya zaidi, ila huo hamtauona kwa sababu nachapa kwa simu, kidole kimoja. Nimeanza jana.

Lakini haya yalinipata mwenyewe. Chumvi iko kwenye bajia tu.

Niko huku Likoni, upande wa Mtongwe. Nauza bajia langoni mwa shule moja ya sekondari, jina nitalificha. Kazi hii naipenda kwa sababu haitaki maneno. Mteja anaonyesha kidole, nachota, natia ukwaju, anaenda. Nina haya sana, wakuu. Hata kusema "karibu" najipanga kwanza.

Shule yenyewe ilikuwa ya mwisho mwisho. Waliita wageni wa kuwapa wanafunzi moyo, wakabandika maneno matamu ukutani, wapi! Karatasi za mtihani zikirudishwa, watoto waliangalia alama, wakaziacha juu ya madawati na kwenda zao.

Bawabu alikuwa akizichoma. Nikamwomba anipe nifungie bajia, maana magazeti ni shida siku hizi.

Kosa langu: sikuangalia majina.

Jioni moja Mama Kahindi, muuza mchicha, alinunua bajia. Akala ya kwanza, akala ya pili, ya tatu ikabaki mkononi. Chini ya mafuta kulikuwa na jina la mwanawe wa Form Four. Biology, tisa kwa mia.

"Mwanangu, hebu nisomee. Hii ni tisa ama tisini?"

Nilitamani niingie ndani ya karai.

"Aliniambia sitini na tisa! Hizo sitini kala nani?"

Watu kicheko. Kesho yake foleni ilikuwa ndefu ajabu, kila mtu anafungua bajia zake mbio mbio. Mimi mjinga nikadhani ni ukwaju umewanogea. Kumbe wanatafuta watoto wa majirani.

Kisha Madam Deputy, naibu wa mwalimu mkuu, akatoka nje.

"Wewe ndiye unayewaanika watoto wangu?"

"Abee," nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Abee nini? Muhula ukifungwa, wewe na karai lako msirudi hapa!"

Nililia njia nzima. Kazi gani nyingine nitapata isiyotaka mdomo?

Karatasi zilizobaki nikazikata majina yote kwa mkasi. Lakini Kahindi hakupita tena langoni. Alikuwa akiruka ua, na mimi ndiye niliyemfikisha huko. Iliniuma.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja namwona Kahindi huyo, anakuja moja kwa moja. Nikashika mwiko vizuri. Akanipa karatasi. Biology, thelathini na nane.

"Dada, mama akija leo mfungie hii. Na jina usikate."

"Ukwaju ukimwagika?"

"Usimwagike kwenye alama."

Mama Kahindi hakula zile bajia mpaka alipowazungusha wauza mboga wote waisome. Zilipoa hadi zikawa kama mawe.

Basi wanafunzi wengine wakaanza kuja. "Nifungie yangu, baba hupita hapa saa kumi na moja." Na wakiwa kwenye foleni wanasomeana wino mwekundu, wanabishana. "Figo haichuji hewa, wewe!" Mimi sijui figo inachuja nini, lakini sasa najua si hewa.

Siku ya kufunga muhula nilimwaga mafuta, nikabeba karai langu. Madam Deputy huyo.

"Waenda wapi?"

"Muhula umefungwa, madam."

Akaniangalia. "Leo nimepita madarasani. Hakuna karatasi hata moja iliyoachwa. Weka karai chini."

Akanipa fungu la magazeti. "Bajia za kila siku funga kwa haya. Karatasi ya mtoto, mpaka ailete mwenyewe."

Mtihani wa mwisho hatukuwa wa kwanza, msinicheke. Lakini mwaka huo matokeo yalipotoka walimu walipita langoni wakisalimia watu. Kahindi alipata C. Mamake alikuja mbio na karatasi ya matokeo, anataka bajia zifungwe humo humo.

"Mama!" Kahindi akampokonya. "Hii haitiwi mafuta!"

Nilichojifunza ni hiki. Kumwaibisha mtoto si kumfundisha, na lile la kwanza najuta mpaka leo. Watoto wale hawakuwa wavivu. Walikosa tu mtu wa nyumbani wa kuingoja karatasi yao.

Na hii ndiyo karatasi yangu ya kwanza tangu darasa la nane. Niandikieni hapa chini, hata neno moja. Nilipokosea nionyesheni. Nitasoma yote, karatasi hii siiachi juu ya dawati.